Barua ya wazi kwa waendesha mashtaka wa Nyanda za Juu Kusini: tuambieni kesi zetu zimefikia wapi

Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka,
Kwa Mawakili wa Serikali Wafawidhi wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, naishi Uyole, jijini Mbeya. Kazi yangu ni kukaa na watu waliokwisha kupata RB (namba ya taarifa yao polisi), wakajaziwa PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), wakaandika maelezo yao polisi, kisha wakabaki wanasubiri. Wanakuja na swali moja: "Kesi yangu imefikia wapi?" Mara nyingi sina jibu. Polisi wamewaambia jalada liko kwa wakili wa serikali. Mahakamani wameambiwa imeahirishwa. Ofisini kwenu wengi hawajawahi kukanyaga, na wapo wasiojua kabisa kwamba kuna ofisi kama hiyo.

Ninachoomba ni kwamba mlalamikaji na mtaa wake waambiwe, tena na ninyi wenyewe, kesi yao imefikia wapi na kwa nini imefikia hapo. Naandika kwa sababu ukimya wenu unaua watu. Najua ni maneno mazito, kwa hiyo nitaeleza.

Katika mtaa mmoja wa huku kwetu kijana alikamatwa kwa tuhuma za kuvunja nyumba na kuiba televisheni na mtungi wa gesi. Alifikishwa mahakamani, akapata dhamana, akarudi nyumbani jioni. Haikufika saa mbili usiku, watu walikuwa wameshaizunguka nyumba ya mama yake. Nilipofika nilimkuta mwenyekiti wa mtaa amesimama mlangoni kanyoosha mikono, na mbele yake dereva mmoja wa bodaboda ameshika chupa ya maji ya lita moja na nusu, ndani yake petroli. Maneno ni yale tunayoyajua sote. Ametoa hela. Polisi wamemwachia. Leo hatoki mtu.

Mwenyekiti akaomba karatasi ya dhamana. Ilipitishwa dirishani, imekunjwa mara nne, na mkono ulioitoa ulikuwa unatetemeka. Nikaisoma kwa sauti, nikimulika kwa simu: kosa analoshtakiwa, kiasi cha bondi, tarehe ya kurudi mahakamani, majina ya wadhamini wawili. Mdhamini wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu aliyewafundisha wengi wa waliokuwa wamesimama pale. Nikawaeleza kwamba kijana asipotokea tarehe ile, mwalimu ndiye atakayebanwa kuilipa bondi. Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo kesi bado ipo?" Nikamwambia ipo. "Na aliyeibiwa ataitwa?" Ataitwa. Polisi kata alipofika na pikipiki yake, aliwakuta watu wanabishana juu ya tarehe ya kesi, na yule mwenye chupa alikuwa ameshaondoka.

Waheshimiwa, mimi sikuwa na ufasaha wowote usiku ule. Kilichowatuliza ni kupata tarehe, kupata majina, na kujua kwamba kuna mahali kesi inashikiliwa. Watu wale wale waliokuwa tayari kuchoma mtu walitulia kwa taarifa ambayo ilikuwepo tangu mchana, ila haikuwa imefikishwa kwao na yeyote. Zipo pia nyakati ambazo hapakuwa na karatasi ya kusoma, au iliposomwa tulikuwa tumechelewa.

Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi. Hayo yamo kwenye kitabu, na siyo siri. Lakini mtu anayelala na panga chini ya kitanda kwa kuogopa vibaka hatatulizwa na namba za ibara. Anataka kujua aliyemvunjia mlango jana anafanya nini leo kijiweni. Kwake yeye dhamana maana yake ni kuachiwa, kuahirishwa maana yake ni kuhongwa, na kufutwa kwa kesi maana yake ni kwamba maskini hana wa kumtetea. Dhana hizo si za kweli mara zote, na ninyi mnajua zaidi yangu. Lakini asipoelezwa na mwenye mamlaka ya kueleza, ataelezwa na kijiwe.

Hapo hapo niseme jambo ambalo majirani zangu hawatalipenda. Kila mara redio zetu zinatangaza kwamba mtu fulani ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na taarifa inaishia hapo. Wananchi hao wana majina. Kuna aliyepiga kelele ya mwizi, kuna aliyeleta tairi, kuna aliyetoa kiberiti mfukoni. Kanuni ya Adhabu haina kifungu kinachoruhusu mauaji kwa sababu wauaji walikuwa wengi, tena inasema wazi kwamba wanaotenda kosa kwa nia ya pamoja kila mmoja wao anawajibika. Hata hivyo ni nadra huku kwetu kusikia kesi ya namna hiyo imefika mwisho. Najua ugumu wake: nani atasimama kizimbani kumtaja jirani yake, halafu arudi kuchota naye maji bomba moja? Ndiyo maana nawaambia kwamba kesi hizi haziwezi kujengwa na polisi peke yake usiku wa tukio. Zinajengwa polepole, na mwendesha mashtaka ambaye watu wanamjua sura na wanaamini kwamba akisema jina la shahidi halitatajwa ovyo, halitatajwa. Sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi tunayo tangu 2015. Mitaani sijakutana na mtu anayeijua, isipokuwa wale niliowaeleza mwenyewe.

Sehemu ya tatizo ni historia, na kwa hilo siwalaumu. Kwa miaka mingi aliyesimama kuendesha mashtaka katika mahakama za wilaya alikuwa askari polisi. Sheria ya mwaka 2008 ndiyo iliyoweka msingi wa mashtaka kutoka mikononi mwa polisi na kuendeshwa na mawakili wa serikali, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikasimama peke yake, nje ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Tangu hapo ofisi zenu zimezidi kusogea wilayani. Ni mabadiliko makubwa na mazuri: anayepeleleza ni mmoja, anayepima kama ushahidi unatosha kumfikisha mtu mahakamani ni mwingine. Lakini mkulima wa Kyela au Chunya hajaambiwa kwamba mambo yamebadilika. Kwake bado polisi ndiye anayekamata, ndiye anayeshtaki, ndiye anayefuta. Kesi ikikwama anapambana na mpelelezi ambaye pengine alishamaliza kazi yake siku nyingi, huku uamuzi uko kwenye meza ya mtu asiyemjua jina wala ofisi.

Sasa niwaeleze habari za mama mmoja wa Rungwe, mkulima wa ndizi. Binti yake, mwanafunzi wa shule ya msingi, alifanyiwa ukatili na mtu mzima wa kijijini kwao. Mama alifanya kila tunachowafundisha watu kufanya. Hakumwogesha mtoto, alikimbilia polisi, akaenda hospitali, akatoa maelezo Dawati la Jinsia na Watoto. Mtuhumiwa akashtakiwa. Kisha zikaanza safari za mahakamani. Anaamka saa kumi alfajiri, anamwacha mdogo wa mgongoni kwa jirani, anakopa nauli, anafika, anakaa kwenye benchi nje mpaka mchana, ndipo anaambiwa leo kesi ilikuwa ya kutajwa tu, wewe hukuhitajika. Tofauti kati ya siku ya kutajwa na siku ya kusikilizwa ilikuwa haijawahi kumfikia. Safari nyingine akamkuta wakili mpya, ambaye naye alimwuliza yeye ni nani. Baadaye simu zikakatika, na yeye akadhani ataitwa.

Siku moja gulioni, akiwa amepanga mikungu yake chini, yule mwanamume akapita mbele yake akamwamkia: "Shikamoo mama." Hivyo ndivyo mama yule alivyojua kwamba kesi imeondolewa mahakamani.

Mpaka naandika barua hii hajui sababu. Huenda ilikuwepo, tena ya haki kabisa. Pengine daktari hakupatikana. Pengine hati ya mashtaka ilikuwa na kasoro na mlitaka kuirekebisha na kushtaki upya, maana sheria inawaruhusu kuiondoa kesi na kuirudisha ikiwa mshtakiwa hakuwa ameanza kujitetea. Hakuna aliyemwambia hata hilo, kwamba kuondolewa mahakamani siyo kila mara mwisho wa safari. Binti amehamishiwa kwa shangazi yake mkoa mwingine. Kesho mkimhitaji, mtampata wapi?

Jambo hili mnalijua kitaalamu kuliko mimi. Katika makosa ya kujamiiana, Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, hata akiwa mtoto, ikiridhika kwamba anasema kweli. Maana yake mtoto yule ndiye kesi yenyewe. Akichoka, akihama, akitishwa, akinyamazishwa kwa mbuzi wawili na blanketi la babu, hakuna kesi tena. Na wa kunyamazisha hawalali. Kila mwezi ambao ofisi yenu haijapiga simu kwa familia ile, upande wa pili umeshapiga hodi. Wazee wanakaa, wanasema tuyamalize nyumbani, hawa wa serikali si mnaona hawana habari na ninyi? Nimehudhuria vikao vya namna hiyo kwenda kuvipinga, nikakosa cha kujibu swali hilo.

Simu moja ingetosha. Namba ya mama imo ndani ya jalada, iliandikwa siku ya kwanza alipotoa maelezo.

Yapo mengine ambayo maelezo ya dakika kumi yangeyamaliza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, mtu hatakiwi kufikishwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Ni jambo jema, limewapunguzia watu kukaa mahabusu wakisubiri ule wimbo wa "upelelezi haujakamilika". Mtaani limetafsiriwa vingine: mtu amekamatwa, ameachiwa kwa dhamana ya polisi, hajapelekwa mahakamani, basi kuna mkono wa mtu. Vivyo hivyo kesi ya mauaji. Ndugu wa marehemu wanakaa mahakama ya wilaya wanasikia hakimu akisema hana mamlaka ya kuisikiliza, wanatoka wanalia kwamba hata hakimu amekataa kesi yao. Laiti wakili wa serikali angetoka nao nje, akawaambia kwamba kesi ya mauaji husikilizwa Mahakama Kuu na hapa ni njiani tu, wangelala. Tena tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Hakuna ukuta wa lugha kati yetu na ninyi.

Najua mtakachonijibu, kwa hiyo nijaribu kuwatangulia. Mtasema Ibara ya 59B ya Katiba inataka Mkurugenzi wa Mashtaka awe huru, asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote. Kweli. Sitaki mwendesha mashtaka anayeamua kesi kwa kelele za mkutano wa hadhara, na Mungu atuepushe na anayefungua mashtaka ili apigiwe makofi. Lakini ibara hiyo hiyo inamtaka azingatie nia ya kutenda haki, azuie matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na aangalie maslahi ya umma. Umma huo ni pamoja na mama wa ndizi. Kumweleza sababu ya uamuzi mliokwisha kuuchukua hakumpi nafasi ya kuuamua yeye.

Mtasema pia kwamba hamwezi kujadili ushahidi wa kesi iliyoko mahakamani. Sijaomba hilo. Kesi iko hatua gani, tarehe gani, anatakiwa nani, imeondolewa kwa sababu ya aina gani, mlalamikaji ana nafasi gani ya kulalamika: hakuna hata moja kati ya hayo inayoharibu kesi.

Marekani, katika majimbo mengi, mwendesha mashtaka wa wilaya anachaguliwa kwa kura. Anazunguka kwenye makanisa na shule kwa sababu akikaa ofisini hatarudi. Mfumo ule una hatari zake, na siutamani kwetu, maana anayetafuta kura anaweza kumfunga mtu ili aonekane mkali. Ila unanionyesha kitu. Wa kwao analazimishwa na kura kuwajua watu wake. Wa kwetu ameteuliwa, amehamishiwa hapa kutoka mkoa mwingine na kesho atahamishwa tena, kwa hiyo hakuna kinachomsukuma kutoka nje isipokuwa moyo wake. Wapo wenye moyo huo, na nawashukuru kwa dhati. Nimemwona wakili kijana akimfuta mtoto machozi kwenye korido kisha akampeleka mwenyewe mpaka chumba cha kutolea ushahidi. Tusiliache jambo kubwa kiasi hiki kwenye moyo wa mtu mmoja mmoja. Liwe wajibu, lipangiwe siku na fungu, na kiongozi wa ofisi aulizwe juu yake kama anavyoulizwa idadi ya kesi alizoshinda.

Nakubali kwamba mnatoka. Wiki ya Sheria huwa tunawaona kwenye mahema, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 imewaleta wanasheria hadi vijijini. Lakini wiki moja kwa mwaka, mahali ambapo watu wanachukua vipeperushi na kupiga picha, si mahali ambapo mama wa Rungwe atauliza habari za binti yake.

Mwaka huo huo wa 2023 Tume ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka mikoani na watu wakasema ya moyoni. Kumbe wakiulizwa wanasema. Na wale wa Iringa wanaikumbuka kesi ya mauaji ya mwandishi Daudi Mwangosi, aliyeuawa kijijini Nyololo, Mufindi, Septemba 2012. Hukumu ilikuja Julai 2016, askari akahukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Watu walibishana juu ya kosa na juu ya adhabu, lakini kila mmoja alijua kesi iliishaje, kwa sababu waandishi waliifuatilia tangu mwanzo mpaka mwisho. Kesi ya jirani yangu aliyekatwa panga haina mwandishi. Anayeweza kumwambia ni ninyi tu.

Na Njombe hatujaisahau. Mwanzoni mwa 2019, wakati wa mauaji ya watoto, wazazi waliwasindikiza watoto shuleni na mgeni yeyote akawa anatazamwa kama muuaji. Uvumi ulikuwa umeshafika kila kitongoji kabla taarifa haijatoka mjini. Hofu ya namna ile ikiingia, hakuna idadi ya askari inayotosha. Anahitajika mtu wa kuaminika anayejulikana tayari. Hawezi kuja kutambulishwa siku ya msiba.

Kwa hiyo nawaomba, kila kesi inayoondolewa au kufutwa, mlalamikaji apigiwe simu au aandikiwe ujumbe kabla hajakutana na mtuhumiwa sokoni. Kila shahidi ajue kama tarehe yake ni ya kutajwa au ya kusikilizwa, na kesi ikiahirishwa ajulishwe kabla hajapanda gari, maana kwa mtu wa Kyela kuja Mbeya ni zaidi ya kilomita 100 kwenda peke yake. Nauli na posho anayostahili shahidi wa Jamhuri ailipwe siku hiyo hiyo. Na zaidi ya yote, wakili wa serikali mmoja apangiwe kata kadhaa, ahudhurie mikutano ya mitaa na vijiji pamoja na polisi kata, akae kwenye benchi lile lile, aulizwe maswali makali na kuyajibu. Akianzia Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale ni sawa, mradi asiishie pale.

Sisi wasaidizi wa kisheria wa Uyole tumeshazungumza na wenyeviti wa mitaa yetu. Wamekubali kuitisha mkutano Jumapili yoyote baada ya ibada, ambapo hata wakulima wanakuwa nyumbani. Viti vipo, spika tutaazima kanisani, na ulinzi shirikishi wamesema watakuwepo. Tunasubiri kutoka kwenu jina la wakili atakayekuja, na tarehe.

Wenu katika kutafuta haki,
Msaidizi wa kisheria, Uyole, Mbeya.